Saratani ya Pili kwa Mtoto Aliyekwisha Kupona: Cha Kutazama, Lini, na kwa Sababu Gani

Mtoto akimaliza dripu ya mwisho na majibu yakatoka safi, wazazi huuliza kama ugonjwa utarudi. Ni swali la haki na madaktari wamelizoea. Lipo jingine linaloulizwa mara chache, na hata likiulizwa hujibiwa juu juu mlangoni mtu akiwa ameshashika begi: je, dawa na mionzi iliyomponya inaweza kumletea saratani nyingine, tofauti kabisa na ile ya kwanza? Jibu ni ndiyo, inaweza. Haiwapati wengi, na haiwi sababu ya kukataa matibabu. Lakini inatokea kwa utaratibu unaojulikana, na kwa kuwa utaratibu unajulikana, inawezekana kuisubiri mahali pake na kwa wakati wake.

Kwa mtoto wa Dodoma au Singida ugumu uko hapo kwenye "mahali pake na wakati wake". Anaanzia zahanati, anapelekwa hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma, na mara nyingi safari inaishia Dar es Salaam: Muhimbili kwa kemo, yaani dawa za kuua saratani, Ocean Road kwa mionzi. Akipona anarudi Mpwapwa, Kondoa au Manyoni. Miaka kumi baadaye, goti likimuuma, atakayemwona ni tabibu wa kituo cha afya ambaye hajui mtoto huyu aliwahi kuugua nini, alipewa dawa gani, wala mionzi ilipita wapi. Saratani ya pili huchelewa kugunduliwa hapo, kwa sababu taarifa ilibaki Dar na mgonjwa akaja peke yake.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe, maana hofu isiyo na kipimo humfanya mzazi amkague mtoto kila usiku kwa tochi. Utafiti mkubwa uliofuatilia maelfu ya watu wa Marekani na Kanada waliotibiwa saratani utotoni kati ya 1970 na 1986 ulikuta kwamba ndani ya miaka 30 tangu ugonjwa wa kwanza, asilimia 7.9 walipata saratani nyingine kamili, bila kuhesabu zile nyepesi za ngozi. Yaani karibu wanane katika mia, kwa miaka 30. Waliotibiwa miaka ya 1990 wana hali nzuri zaidi: katika miaka 15 ya kwanza, saratani ya pili ilishuka kutoka asilimia 2.1 kwa waliotibiwa miaka ya 1970 hadi 1.3 kwa wale wa 1990. Sababu kubwa ni kwamba madaktari walipunguza mionzi. Miaka ya 1970 watoto 77 katika mia walipigwa mionzi. Miaka ya 1990 walikuwa 33.

Hizo ni hesabu za wastani, na wastani hauna mwenyewe. Mtoto wa limfoma (saratani ya tezi za limfu) ya Burkitt aliyepata kemo tu hayuko kapu moja na binti aliyepigwa mionzi ya kifua kwa ajili ya limfoma nyingine, ya Hodgkin. Ndiyo maana swali la maana si "aliugua saratani gani?" bali "alitibiwa na nini, kiasi gani, sehemu gani ya mwili, akiwa na umri gani?"

Kabla ya kuendelea, tutenganishe kurudi kwa ugonjwa na saratani ya pili, maana watu huzichanganya na mchanganyiko huo una gharama. Ugonjwa unaporudi ni chembe zile zile zilizojificha. Burkitt ikirudi, kwa kawaida ni ndani ya mwaka wa kwanza. Uvimbe wa Wilms wa figo, mara nyingi ndani ya miaka miwili. Saratani ya pili ni chembe mpya zilizoharibika zenyewe, na huja kwa kuchelewa. Uvimbe unaotokea miaka minane baada ya kupona usiitwe "imerudi" mpaka kinyama kimechukuliwa na kusomwa maabara. Tiba ya hizo mbili ni tofauti, na anayeanza kemo ya ugonjwa wa zamani kwa kubahatisha anapoteza muda na anatumia nafasi ya dawa ambayo mtoto ataihitaji baadaye.

Saratani za pili zina mikondo miwili, na kila mmoja una saa yake.

Mkondo wa kwanza ni lukemia, yaani saratani ya damu, inayotokana na dawa. Kuna dawa za jamii ya siklofosfamidi na ifosfamidi, ambazo hushika vinasaba vya chembe na kuvifunga visigawanyike. Zikigusa uloto, yaani uboho wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, madhara yake yanaweza kujitokeza baada ya miaka mitano hadi saba hivi, na mara nyingi hayaanzi na lukemia moja kwa moja. Uloto kwanza hulegea: damu inapungua, chembe sahani zinazogandisha damu zinapungua, kisha baada ya miezi lukemia inajitangaza. Kuna dawa nyingine, etoposidi na zile za jamii ya doksorubisini, ile dripu nyekundu inayofanya mkojo uwe mwekundu na kuwatisha wazazi wapya wodini. Lukemia inayofuatana na hizi huja mapema, mwaka mmoja hadi mitatu baada ya tiba, na huja ghafla bila kipindi cha uloto kulegea. Baada ya miaka kumi tangu dawa ya mwisho, hatari ya mkondo huu inakuwa imeshuka sana. Hilo ni la kumwambia mzazi waziwazi, maana wengi hudhani hofu hii ni ya maisha.

Sasa tazama karatasi ya FBP, kipimo cha kawaida cha damu kinachopatikana karibu kila hospitali ya wilaya. Mtoto wetu anakuja amechoka, midomo imepauka, Hb, yaani kiwango cha damu, ni 8. Kanda ya kati mtu wa kwanza kushukiwa ni malaria, wa pili minyoo, wa tatu lishe, na pengine sikoseli. Mara nyingi shaka hizo ni za kweli. Lakini shuka mistari michache chini ya Hb mpaka penye MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu. Kwa mtoto wa shule ya msingi huwa kati ya takriban 77 na 95. Upungufu wa madini ya chuma, ambao ndio wa kawaida hapa, huzifanya chembe ziwe ndogo, kwa hiyo MCV hushuka. Uloto unaolegea kwa sababu ya dawa mara nyingi huzifanya ziwe kubwa. Mtoto aliyewahi kupata kemo, Hb iko chini, MCV imepanda hadi 102, na chembe sahani ni 90 badala ya kuzidi 150: huyo usimpe dawa ya kuongeza damu na kumwambia arudi baada ya miezi mitatu. Kwanza uliza kama anatumia zidovudini kwa ajili ya VVU au haidroksiurea kwa sikoseli, kwa sababu zote mbili hupandisha MCV bila saratani yoyote. Vivyo hivyo upungufu wa foliki asidi. Kama hatumii, na FBP ikirudiwa baada ya wiki mbili inatoa sura ile ile, apelekwe panapopimwa uloto. Damu kupungua peke yake ni jambo la kila siku. Zikipungua aina mbili za chembe kwa mpigo kwa mtoto mwenye historia ya kemo, hilo si la kila siku.

Miongozo ya zamani ilitaka FBP kila mwaka kwa miaka kumi. Ya karibuni imelegeza, inasema pima dalili zikiwepo, kwa kuwa kipimo cha mwaka kwa mtoto mzima wa afya hakikuwa kinakamata kitu. Nakubaliana nayo, ila kwa sharti moja: kwetu FBP ni ya bei nafuu kuliko nauli ya kwenda Dar, basi kila mtoto huyu anapoumwa kiasi cha kupelekwa hospitali, ichukuliwe, na majibu yawekwe kwenye faili lake yalinganishwe na ya nyuma.

Mkondo wa pili ni uvimbe wa viungo, na mama yake ni mionzi. Huu hauna haraka. Huanza kuonekana baada ya miaka mitano, kumi na zaidi, na tofauti na lukemia, hatari haishuki kadiri miaka inavyokwenda, inapanda. Hutokea ndani ya eneo lililopigwa au pembeni yake tu. Kwa hiyo mtu anayejua ramani ya mionzi anajua mahali pa kutazama, na sehemu nyingine za mwili anaweza kuziacha zipumzike.

Shingo: tezi ya thairoidi ya mtoto ni laini sana mbele ya mionzi. Hatari hupanda pamoja na dozi mpaka kama grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 hadi 25, kisha juu ya 30 huanza kushuka, kwa sababu dozi kubwa huziua chembe badala ya kuziacha zikiwa zimejeruhiwa. Ni moja ya mambo yanayowashangaza hata wahudumu: dozi ya wastani ina hatari kuliko dozi kubwa. Upimaji wake hauhitaji mashine. Simama nyuma ya mtoto aliyekaa, weka vidole pande mbili za koo chini ya kidude cha koo, mpe glasi ya maji ameze, sikia kinachopanda na kushuka. Fanya hivyo mara moja kwa mwaka. Baadhi ya sehemu za Tanzania goita ni kitu cha kawaida na watu hulizoea rovu shingoni. Kwa aliyepigwa mionzi ya shingo, kifundo kigumu kisizoelewe. Kiende altrasaundi na, kikizidi sentimita moja, kichomwe sindano kipimwe.

Kifua: hapa nakaa kidogo, maana ndipo penye hatari kubwa kuliko zote na ndipo panaposahaulika. Wanawake waliopigwa mionzi ya kifua utotoni, karibu 30 katika mia hupata saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 50. Hatari hiyo inalingana na ya mwanamke aliyerithi kasoro ya jini ya BRCA1, inayoleta saratani ya matiti. Miongozo inasema: kama dozi ya kifua ilifika grei 10 au zaidi, aanze kupimwa matiti kila mwaka kwa mamografia (eksirei ya matiti) na MRI (picha ya sumaku) kuanzia umri wa miaka 25, au miaka minane baada ya mionzi, ipi itakayokuja baadaye. Aliyetibiwa akiwa na miaka 14 anaanza akiwa na 25. Aliyetibiwa akiwa na 19 anaanza akiwa na 27. Pasipo na MRI, mamografia ya kila mwaka pamoja na altrasaundi na kupapaswa na mhudumu mara mbili kwa mwaka ni bora mara nyingi kuliko kungoja mpaka apewe kipeperushi cha Oktoba, mwezi wa kampeni ya saratani ya matiti, akiwa na miaka 45.

Kinachosahaulika hasa ni binti wa Wilms. Familia inajua kwamba "alitolewa figo". Kama uvimbe ulikuwa umeshafika mapafuni, mapafu yote mawili huenda yalipigwa mionzi, kwa kawaida grei 12. Hiyo imevuka kumi. Binti aliyetibiwa figo akiwa na miaka minne anapaswa kupimwa matiti akifika 25, na hakuna mtu katika maisha yake, hata yeye mwenyewe, atakayefikiria kuunganisha mambo hayo mawili isipokuwa pameandikwa. Aidha, doksorubisini nyingi peke yake, bila mionzi ya kifua, nayo huongeza hatari ya saratani ya matiti. Jambo hili limejulikana miaka ya karibuni, kwa hiyo barua nyingi za zamani hazilitaji.

Kichwa: waliopigwa mionzi ya ubongo kwa lukemia ya zamani au uvimbe wa ubongo wanaweza kupata uvimbe mwingine wa ubongo ndani ya miaka kumi, na ule wa utando wa ubongo, ambao mara nyingi si mkali, hata baada ya miaka 20. Kichwa kinachouma alfajiri na kutapika bila kichefuchefu, au degedege la kwanza ukubwani, visiishie kwenye dawa za kifafa wala kwa mganga kabla ya kupiga picha ya kichwa. Tumbo na nyonga: utumbo mpana uanze kuchunguzwa kwa kamera akiwa na miaka 30, au miaka mitano baada ya mionzi, ipi itakayokuja baadaye, kisha kila miaka mitano. Damu kwenye choo isiitwe bawasiri kwa kukisia. Ngozi iliyopigwa mionzi ifunikwe juani. Jua la Dodoma halina huruma, na alama ndogo za wino zilizochorwa kuelekeza mionzi ni ramani nzuri ya sehemu ya kukagua.

Mifupa ina habari yake. Mfupa uliopita katika eneo la mionzi unaweza kuota osteosakoma, saratani ya mfupa, miaka kadhaa baadaye. Dalili ni maumivu yanayozidi usiku, yasiyotulia kwa kupumzika, kisha uvimbe mgumu. Kinachoharibu mambo ni kuchua. Goti linavimba, linakandwa kwa maji ya moto na mafuta, miezi inapita. Baya zaidi ni kupasua "jipu" lisilo na usaha: kisu kikipita mahali pasipostahili, chembe hutawanyika, na mguu ambao ungeweza kuokolewa unaishia kukatwa. Eksirei ya pande mbili, ya mbele na ya ubavu, inatosha kuamua. Picha ikiwa na mashaka, kinyama kichukuliwe na watu watakaofanya na upasuaji wenyewe, maana njia ya sindano hutolewa pamoja na uvimbe. Mara nyingi hiyo ni rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa iliyoko Muhimbili.

Wapo watoto ambao hatari yao haikutoka kwa dawa wala mionzi bali walizaliwa nayo. Mkubwa wao ni mtoto wa retinoblastoma, saratani ya jicho inayoonekana kama weupe kwenye mboni, hasa picha ya simu ikipigwa na flashi. Takriban asilimia 40 ya watoto hawa wana kasoro ya jini ya RB1 katika kila chembe ya mwili. Waliougua macho yote mawili wote huhesabiwa kuwa nayo. Wa jicho moja, kama 15 katika mia. Wenye kasoro hiyo wako katika hatari ya osteosakoma, sakoma za misuli na saratani kali ya ngozi hata kama hawakupigwa mionzi kabisa. Ufuatiliaji wa muda mrefu ulionyesha kwamba kufikia miaka 50 tangu ugonjwa wa jicho, waliopigwa mionzi 38 katika mia walipata saratani nyingine, na wasiopigwa 21. Kwa hiyo jicho likitolewa mapema kabla ugonjwa haujasambaa, bila mionzi, mtoto anakuwa ameokolewa mara mbili. Wazazi wanaokataa jicho lisitolewe wanastahili kuambiwa hesabu hii kwa upole, badala ya kukaripiwa. Kijana wa retinoblastoma akilalamika kwamba paja au goti linauma, eksirei ni siku hiyo hiyo.

Sasa karatasi yenyewe. Madaktari huiita muhtasari wa matibabu. Huu ni mfano wa kutunga, wa binti wa limfoma ya Hodgkin aliyetibiwa akiwa na miaka 14:

Ugonjwa: limfoma ya Hodgkin, shingo na kifua. Namba ya jalada. Namba ya kinyama maabara.
Kemo: ABVD (dawa nne zilizo hapa chini), mizunguko 6.
Doksorubisini: 25 × 2 × 6 = 300 mg kwa mita ya mraba.
Bleomisini: 10 × 2 × 6 = yuniti 120 kwa mita ya mraba.
Vinblastini: 6 × 2 × 6 = 72 mg kwa mita ya mraba.
Dakabazini: 375 × 2 × 6 = 4,500 mg kwa mita ya mraba.
Mionzi: shingo na kifua cha juu, grei 20, vipindi 10 vya grei 2, aina ya mashine, tarehe ya kwanza na ya mwisho.
Kuongezewa damu: ndiyo, tarehe.
VVU, homa ya ini B: majibu na tarehe.
Saratani nyingine katika ukoo: nani, ipi, umri gani.

Mistari hiyo michache inasema kila kitu kwa anayeisoma. Matiti kuanzia miaka 25. Shingo kila mwaka. Damu kuangaliwa kwa makini miaka michache ya mwanzo, kwa sababu ya doksorubisini na dakabazini. Moyo upigwe eko (altrasaundi ya moyo) kila baada ya muda, kwa kuwa doksorubisini imevuka 250. Na kama atafanyiwa upasuaji wowote, mtu wa usingizi aambiwe kuhusu bleomisini, kwa sababu mapafu yaliyoipata yanaweza kudhurika kwa oksijeni nyingi.

Makosa ya karatasi hizi yanafanana. La kwanza ni kuandika "alipata kemo na mionzi" basi. Hiyo ni sawa na kutoandika. La pili ni kuandika dozi ya mzunguko mmoja bila kuzidisha, au miligramu tupu bila mita ya mraba, wakati mtoto alikua na dozi ikabadilika katikati. La tatu linatokana na lugha ya wodini: familia husema "alipigwa mionzi ishirini" wakimaanisha vipindi ishirini. Vipindi 20 vya grei 1.8 ni grei 36. Muhudumu akinakili "20" kama grei, thairoidi inahesabiwa kuwa kwenye eneo la hatari kubwa wakati haiko huko, na uti wa mgongo unahesabiwa kuwa na nafasi ya kupokea mionzi zaidi ambayo hauna. La nne ni kusahau mionzi ya pembeni: ubavu wa Wilms, kwa kawaida grei 10.8 kwa vipindi sita, hugusa utumbo na mfupa wa mgongo hata kama barua inasema "figo".

Iombwe lini? Kabla ya mwaka wa kwanza baada ya tiba kwisha, wakati daktari aliyemtibu bado yupo na jalada halijapelekwa stoo. Mzazi aseme hivi, bila kuona aibu: "Daktari, naomba muhtasari wenye jumla ya kila dawa na grei za mionzi, uliosainiwa na kugongwa muhuri." Kama tiba ilikuwa hospitali mbili, karatasi ni mbili, idara ya mionzi ina rekodi yake yenyewe yenye picha ya eneo lililopigwa, na hiyo picha ombeni nakala. Aliyekwisha kupita miaka mingi aanze na namba ya jalada kwenye kadi ya zamani ya kliniki, risiti au hata kitambulisho cha wodi. Jina peke yake halitoshi, majina yanafanana na tahajia hubadilika kila dirisha.

Kuitunza ni kazi nyingine. Mchwa wa Dodoma wanakula karatasi kabla hawajala mbao. Iwekwe kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la bati, ipigwe picha, picha itumwe kwa watu watatu wa familia ambao simu zao haziharibiki siku moja. Nakala ikae kituo cha afya cha karibu. Akichaguliwa kwenda shule ya bweni, ibandikwe na fomu ya afya ya kujiunga, kwa sababu muuguzi wa shule ndiye atakayemwona wa kwanza. Watoto waliopandikizwa uloto kwa sikoseli pale Benjamin Mkapa tangu 2023 nao wana haki ya karatasi kama hii. Hawakuugua saratani, lakini dawa za kuandaa uloto kupokea mgeni ni za ukoo ule ule.

Nyumbani kuna mambo ambayo hayafuti hatari ya mionzi lakini yasiachwe yakaiongezea mzigo. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, ni la kwanza kwa kanda hii. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na sumu hiyo hiyo, kwa dozi ndogo ya muda mrefu, huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini B. Mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi apimwe homa ya ini B, na achanjwe kama hana kinga. Karanga zilizokunjamana au zenye ukungu zisitengenezwe uji wala siagi. Kuzikaanga hakuiondoi sumu. Ugoro na sigara asianze. Chanjo ya HPV, ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, asiikose. Mhudumu aambiwe historia yake, kwa sababu mwenye kinga dhaifu huhitaji zaidi ya dozi moja. Mwenye VVU aliyepona Burkitt au sakoma ya Kaposi, kinga yake kubwa dhidi ya saratani nyingine ni ARV zisizokatishwa, hata msimu wa kilimo. Na siti skani: mionzi yake ni sehemu ndogo mno ya ile ya tiba, kwa hiyo ikihitajika ipigwe, lakini altrasaundi ikitosha ianze hiyo.

Je, saratani ya pili ikipatikana? Nyingi za thairoidi hupona kwa upasuaji na tiba inayofuata. Za matiti zikikamatwa mapema zina matumaini makubwa. Lukemia ya dawa ndiyo ngumu, na mara nyingi huhitaji kupandikizwa uloto. Ila katika zote, daktari ataanza kwa kuuliza nafasi iliyobaki. Doksorubisini ina ukomo wa maisha, kwa kawaida kati ya 450 na 550 mg kwa mita ya mraba, kwa sababu ya moyo, na mionzi ya kifua huushusha zaidi. Yule binti wa mfano ameshatumia 300. Titi lake kwa kawaida haliwezi kuhifadhiwa kwa kupasua kidogo na kupiga mionzi kama kwa mwanamke mwingine, kwa kuwa kifua kimeshapokea sehemu yake. Mara nyingi litatolewa lote. Bila karatasi, daktari ana njia mbili tu: kumpa dawa kamili na kuhatarisha moyo, au kumpunguzia na kuhatarisha tiba. 

Kliniki ya watoto humwachia kijana akiwa na miaka kama 18, na vipimo muhimu zaidi vinaanza miaka saba baadaye. Katikati hapo hakuna anayemwita. Kwa hiyo karatasi ahame nayo yeye, akiwa anaijua: aweze kusema kwa mdomo wake jina la ugonjwa, dripu nyekundu ilikuwa kiasi gani, mionzi ilipita wapi. Wa kike akipata ujauzito, siku ya kwanza ya kliniki aionyeshe. Kama alipata doksorubisini au mionzi ya kifua, moyo upigwe eko mimba ikiwa changa. Na aliyewahi kuugua retinoblastoma ya kurithi, wa kike au wa kiume, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuchukua jini hiyo. Macho ya kichanga yachunguzwe na daktari wa macho wiki za kwanza, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa, bila kusubiri weupe uonekane.